UZI: Shule moja ya kusini mwa London na watu waliotoka humo, kuanzia Shackleton mpaka askofu wa Zanzibar

makabrasha

Wakuu salama? Kila uzi wa shule za Uingereza humu ndani unaishia Eton na mawaziri wakuu wake, leo naomba tuhame mtaa kidogo. Kusini mwa London kuna shule ya wavulana inaitwa Dulwich College, imeanzishwa 1619, na katika miaka yote hiyo haijatoa waziri mkuu hata mmoja. Lakini angalia waliopita hapo: Ernest Shackleton wa safari za barafu za Ncha ya Kusini, P. G. Wodehouse wa vichekesho, Raymond Chandler wa hadithi za upelelezi, C. S. Forester wa hadithi za baharini, Hartley Shawcross mwendesha mashtaka wa Nuremberg, mwandishi Michael Ondaatje, mwigizaji Chiwetel Ejiofor, na ndio, mwanasiasa Nigel Farage naye. Na yupo mmoja ambaye watu wa Tanga na Unguja mnamjua kuliko Waingereza wenyewe wanavyomjua, huyo namwachia atakayemtaja kwanza.

Mwanzilishi mwenyewe alikuwa mwigizaji. Edward Alleyn, staa wa majukwaa ya London enzi za Shakespeare ila kundi pinzani, alioa mtoto wa kambo wa Philip Henslowe aliyekuwa na majumba ya maonyesho, wakala pesa pamoja, na sio za maigizo peke yake, walikuwa na biashara ya kupiganisha dubu na mbwa mbele ya watazamaji wanaolipa kiingilio. Hela hiyo ndo ikanunua ardhi ya Dulwich kuanzia 1605. Hakuwa na mtoto, akaamua mali iende kwenye taasisi ya maskini: watoto 12 wa kusomeshwa, wazee 6 wa kiume na 6 wa kike wa kutunzwa. Na akaweka sharti la ajabu kwamba mkuu wa shule lazima awe na jina la ukoo wake. Yani kwa zaidi ya miaka 200 kama hukuitwa Alleyn au Allen hiyo kazi usiiote, mpaka bunge lilipoipangua shule 1857. Reli zilipopita kwenye ardhi yao zikalipa fidia nzuri tu, wakajenga majengo mapya makubwa ya matofali mekundu, ndo hayo yapo mpaka leo.

Sasa hoja yangu ni hii. Ukiwafuatilia waliovuma sana kutoka pale, wengi hawakuvuma kwa ile njia shule iliyowaandalia. Shackleton aliacha akiwa na miaka 16 akapanda meli. Wodehouse alikosa Oxford. Chandler hakusoma chuo kikuu. Forester alianza udaktari akaachia njiani. Farage aliondoka na miaka 18 akaenda kuuza metali. Ejiofor alikatisha chuo cha uigizaji. Kwahiyo mzazi anayeuza shamba kwa ajili ya jina la shule ananishangaza kidogo. Karibuni.

Binti_Kilindini

Siti ya mbele kabisa hii. Hapo kwa Wodehouse kukosa Oxford eleza vizuri, alifeli?

makabrasha

Hapana dada, hakufeli. Alisoma pale 1894 hadi 1900, alikuwa mzuri wa Kilatini na Kigiriki, anacheza kriketi na raga, anahariri gazeti la shule, maisha yake yote baadae aliiongelea ile miaka kama peponi. Baba yake alikuwa hakimu Hong Kong akastaafu kwa maradhi, na pensheni yake ilikuwa inalipwa kwa rupia. Rupia ikawa inapanda inashuka, zaidi inashuka. Kaka mtu alikuwa ameshaingia Oxford, mzee akapiga hesabu akaona wawili hawezi. Basi kijana akapelekwa benki, Hongkong and Shanghai, tawi la London, 1900. Mchana anazungushwa idara hii na ile haelewi kitu, usiku anaandika. 1902 akaacha benki. Aliishia na vitabu zaidi ya 90.

Jiulize rupia ingetulia ingekuwaje. Mtoto anamaliza Oxford anakuwa afisa wa serikali mahali fulani, anastaafu, hakuna anayemkumbuka.

fundi_seremala_Ilala

Mkuu umeruka kwa Shackleton na mimi ndo nilikuja kwa ajili yake. Weka nyama.

makabrasha

Haya. Mzaliwa wa Ireland 1874, familia ikahamia London baba akiwa daktari, yeye akaingia Dulwich 1887. Darasani alikuwa anapiga miayo, walimu walimwona mtoto aliyelala macho wazi, ila muhula wake wa mwisho akashika namba 5 kati ya 31, maana alikuwa ameshaambiwa anaruhusiwa kwenda baharini. 1890 huyo akaondoka.

1909 alifika kilomita kama 180 tu kutoka Ncha ya Kusini akageuza, kwa sababu chakula kilikuwa kinaisha na alijua wakiendelea watafika lakini hawatarudi. Kwangu mimi huo ndo uamuzi wake mkubwa kuliko ule wa kwenye sinema zote. Halafu 1914 akaondoka tena na meli ya Endurance. Januari 1915 barafu ikaibana, wakakaa nayo miezi, Novemba ikazama. Watu 28 wapo juu ya barafu na mashua 3. Aprili 1916 wakafika kisiwa cha Elephant, hakuna mtu anayepita huko, akachukua wenzake 5 na mashua moja yenye urefu wa mita 7 kasoro, inaitwa James Caird, wakakata bahari mbaya kuliko zote duniani siku 16 mpaka South Georgia. Agosti 30 akawarudia wale 22 wote wakiwa hai.

Ile mashua ipo wapi leo? Ipo shuleni Dulwich. Aliyeipeleka ni John Quiller Rowett, walisoma wote pale, akawa tajiri, na ndiye aliyefadhili safari ya mwisho ya Shackleton. Shackleton alikufa 1922 kwenye safari hiyohiyo, ana miaka 47 na madeni kama pauni 40,000. Huyu bwana kwenye barafu alikuwa mfalme, mjini kila biashara ilimshinda. Alijaribu tumbaku, akajaribu stempu, akajaribu mgodi wa dhahabu Hungary, akagombea ubunge Dundee 1906 akapigwa chini.

fundi_seremala_Ilala

Sawa ila nyie watu wa vitabu mnasahau kila mara. Ile mashua ilivyotoka kiwandani haikuwa ya kukata bahari ile. Aliyeifanya iweze ni seremala, Harry McNish, Mskoti. Aliinua mbavu za mashua kwa mbao alizong'oa kwingine, akafunika juu kwa vipande vya maboksi na turubai, na turubai lenyewe lilikuwa limeganda kama bati mpaka waliyeyushe kidogokidogo juu ya moto ndo sindano ipite. Maungio akaziba kwa uzi wa taa, rangi ya mchoraji wa msafara, na damu ya sili. Hiyo ni kazi ya fundi haswa, vifaa alivyokuwa navyo vinahesabika kwa vidole.

Na alipata nini? Medali ya Polar ilitolewa karibu kwa kila mtu, yeye Shackleton akamnyima, kisa walikwaruzana kule kwenye barafu alipokataa amri. Na paka wake alishauliwa mapema meli ilipovunjika. Fundi kafia Wellington, New Zealand, 1930, miaka yake ya mwisho kaishi nyumba ya wazee. Hakusoma shule ya 1619 huyo.

Binti_Kilindini

😭😭 paka jamani

kanzu_ya_kijivu

Naongezea ya fundi. Mleta uzi kaandika vizuri "wale 22", sina ugomvi na hesabu. Lakini kulikuwa na kundi la pili la msafara huohuo upande wa bahari ya Ross, kazi yao kuweka akiba za chakula njiani kwa ajili ya Shackleton ambaye hakuwahi kufika. Waliziweka. Na watatu wakafa. Watu wakisema "Shackleton hakupoteza mtu" wale watatu wanafutwa kabisa.

makabrasha

Kweli kabisa mkuu, na wale waliweka akiba wakiwa na kiseyeye, wanatembea kwa kuburuzana.

Mzigua_wa_Muheza

Naona hakuna anayejibu lile fumbo basi ngoja nijibu mimi wa kwetu. Askofu Frank Weston. Kaburi lake lipo kwetu Magila, alifariki Novemba 1924 pale Hegongo.

Bibi zetu walikuwa wakimtaja kama mtu wa ukoo. Kazaliwa London kusini 1871, akasoma hiyo Dulwich, akaenda Oxford akapata daraja la kwanza la theolojia, halafu 1898 akaja Zanzibar na UMCA, misheni ya Kianglikana. Kwahiyo mleta uzi huyu anakuvunjia hoja yako kidogo, huyu njia ya shule aliifuata mpaka mwisho halafu ndo akapinda.

Alifundisha, akawa mkuu wa chuo cha Mtakatifu Andrea Kiungani. Wanaojua historia ya elimu yetu wanajua Kiungani ni nini, ndo iliyohamia bara ikawa Minaki. Kwahiyo mtoto wa Dulwich kaja kuongoza shule ambayo nayo ina orodha yake ndefu ya wanafunzi wa zamani, mapadri, walimu, makarani, watumishi wa serikali. Uaskofu alipata 1908. Kiswahili alikuwa anahubiri bila karatasi, na alikaa na watu, sio mzungu wa kupungia mkono kutoka barazani. 1911 akaanzisha shirika la masista, wale wa CSP, ambao wazee wengi wa Handeni na Muheza walizaliwa mikononi mwao.

otieno_wa_lake

Wadau, huyu Weston huku Kenya tunamjua kwa ile kesi ya Kikuyu. 1913 wamishonari wa makanisa tofauti walikutana Kikuyu wakataka kushirikiana, mwisho wa mkutano wakashiriki meza ya Bwana pamoja. Jamaa aliposikia akiwa Zanzibar akawaka, akawashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi, kesi ikafika mpaka kwa askofu mkuu wa Canterbury, magazeti ya London yanaandika Kikuyu Kikuyu kila siku. Mimi kwa kuzaliwa ni wa CMS, misheni ya hao maaskofu aliowashtaki, so kwa hilo siwezi kumpenda.

Lakini kuna lingine lazima nimpe haki yake. Baada ya vita, 1919, gavana Northey alitoa waraka wa kuwasukuma machifu watoe watu wakafanye kazi kwa mashamba ya masetla. Weston akaandika kijitabu 1920 akisema wazi hiyo ni utumwa chini ya bendera ya Uingereza, na hakutumia lugha laini. Kuna wamishonari waliojaribu kulainisha, wakisema iwekewe tu masharti. Yeye alikataa yote kabisa. 1921 London ikatoa agizo kwamba serikali isitumie nguvu kuwapatia watu binafsi vibarua.

Mzigua_wa_Muheza

Asante ndugu yangu, hata huku wapo wasiompenda kwa ukali wake. Na vita vyenyewe alivishika mkononi, 1916 alikusanya wapagazi Zanzibar akaenda nao bara yeye mwenyewe, akapewa umeja, anatembea nao, anakula nao. Wapagazi wa ile vita walikufa kama nzige, sote tunajua Kariakoo imetoka wapi. Ndo maana alipoandika 1920 aliandika akiwa ameshayaona.

Na 1923 London, kwenye mkutano mkubwa wa Waanglikana wa upande wake, waliokuja kupigania mishumaa, uvumba na tabenakulo, aliwaambia hamuwezi kudai mnamwabudu Yesu kwenye tabenakulo (kile kisanduku cha mkate mtakatifu) kama hamumhurumii Yesu kwenye vibanda vya maskini. Hotuba hiyo mpaka leo inanukuliwa.

mpenda_ubishi

Sasa mbona mnatuchanganya, uzi wa shule ya Uingereza umegeuka ibada. Turudi. Mleta uzi una tatizo kwenye hoja yako: hao waliokosa chuo WALISOMA KWANZA hapo. Mtoto wa kawaida wa London mwaka 1890 alikuwa anaacha shule mapema akafanye kazi. Kwahiyo usitumie Wodehouse kumwambia mzazi wa Mbagala asihangaike na shule. Wodehouse kilatini chake alikipata wapi? Mtaani?

makabrasha

Hapo umegonga, nakubali shule iliwapa lugha. Wakati wa Shackleton, Wodehouse na Chandler mkuu alikuwa mmoja, A. H. Gilkes, alikaa 1885 mpaka 1914, na alikuwa mkali sana kwenye maandishi, hataki mapambo. Wodehouse kaondoka katikati ya 1900, Chandler kaingia mwaka huohuo, walipishana mlangoni. Mmoja akaandika sentensi za kuchekesha zilizonyooka kuliko mtu yeyote, mwingine akaandika sentensi kavu za upelelezi, na wote wamepikwa jiko moja.

Ila mtazame Chandler. Kazaliwa Chicago 1888, baba mlevi akaitelekeza familia, mama Mwairishi akamchukua wakaja London, anayelipa ada ni mjomba wake wakili Waterford huko Ireland. Miaka ya shule ilipoisha 1905 mjomba akasema chuo kikuu hapana, tafuta kazi ya serikali. Akachukua uraia wa Uingereza 1907, akafanya mtihani wa utumishi, akapata kazi wizara ya majini, hakukaa sana akaacha. Akaandika mashairi, hayakumfikisha mbali. 1912 akarudi Marekani, akapigana vita ya kwanza na jeshi la Kanada, akaingia kampuni ya mafuta Los Angeles akapanda mpaka ubosi. Pombe. 1932 wakamfukuza. Mtu wa miaka 44, hana kazi, ni kipindi cha mdororo wa uchumi, mke wake kamzidi miaka 18. Ndo akaanza kusoma vijigazeti vya hadithi za bei chee akasema hizi naweza. Hadithi ya kwanza 1933, riwaya ya kwanza 1939.

Kwahiyo mpenda ubishi, shule ilimpa kalamu, lakini iliyomkalisha chini aandike ni barua ya kufukuzwa kazi.

Kigoma_Mwisho_wa_Reli

Wakuu mmempita Forester kama gari la mawe na yeye ndiye wa kwetu sisi wa ziwani. Huyu kazaliwa Cairo 1899, kapita Alleyn's, ambayo ni shule ndugu ya hiyohiyo, na Dulwich, kisha hospitali ya Guy's kusomea udaktari akaachana nao. 1935 akatoa riwaya ya The African Queen, kuhusu Mwingereza na dada yake mmishonari mmoja wanaoshuka mto na kimashua chakavu wakazamishe meli ya vita ya Mjerumani ziwani. Ile meli ya kwenye riwaya imetokana na Graf von Götzen. Na Graf von Götzen ni nani? Ni LIEMBA yetu!

Ilitengenezwa Papenburg Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaja Dar kwa meli, ikapakiwa treni mpaka Kigoma, ikaungwa upya, 1915 ikaingia majini. 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe wasimwachie adui, wakapaka grisi injini kwanza ili isioze. Waingereza wakaiibua 1924, 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Imebeba dagaa, mihogo, wakimbizi, maharusi, na wengine mliopo humu mmezaliwa safarini humo msikatae.

Binti_Kilindini

Subiri subiri. Ile riwaya si ndo ilitengenezwa sinema 1951 na Humphrey Bogart, wakapiga picha Congo na Uganda? Halafu Bogart huyohuyo 1946 si ndo alicheza yule mpelelezi wa Chandler? Ina maana jamaa mmoja wa Hollywood kacheza kazi za watoto wawili wa shule moja ya London na watu hawasemi??

Kigoma_Mwisho_wa_Reli

Ndo hivyo dada, na Oscar yake pekee kaipatia kwenye ya ziwani. Ya kwetu 😂

kanzu_ya_kijivu

Kuna upande wa Wodehouse mleta uzi hajaugusa na ndo unaoniumiza. 1940 Wajerumani walimkuta Ufaransa, wakamfungia, mpaka kwenye jengo lililokuwa hospitali ya vichaa huko Silesia. 1941 wakamtoa, akakubali kusoma vipindi 5 kwenye redio kutoka Berlin kuwaambia Wamarekani maisha ya kizuizini, kwa mzaha wake uleule wa kila siku. Wakati huo London imetoka kupigwa mabomu, watu wamezika watoto. Uingereza ilimlaani, maktaba nyingine zikatoa vitabu vyake. Uchunguzi wa kijasusi baadae ukaona sio msaliti, ni mjinga tu wa siasa. Lakini hakurudi tena nyumbani, akawa raia wa Marekani 1955. U-Sir walimpa Januari 1975, Februari akafa, ana miaka 93. Muda wote huo akiwa Marekani alikuwa anafuatilia matokeo ya raga ya Dulwich. Mzee wa miaka 80 na kitu anaulizia wavulana wamefungwa ngapi.

Sasa mtu wa aina hii, miaka 6 ya shule ndo ilikuwa dunia yake yote, mimi naona shule ilimlea vizuri ikasahau kumkuza.

mpenda_ubishi

Wakati huohuo mwenzake wa shule hiyohiyo, Hartley Shawcross, 1945 na 1946 yupo Nuremberg anaongoza upande wa mashtaka wa Uingereza dhidi ya wakubwa wa Hitler. Mmoja kasoma redio Berlin, mwingine kasoma mashtaka. Na Shawcross mwenyewe kazaliwa Ujerumani, Giessen, 1902, wazazi Waingereza. Kafa 2003 ana miaka 101. Hawa watu wa Dulwich sijui wanakula nini.

nyanya_chungu

Sawa nimewasoma wote, sasa mimi mama wa watoto watatu naomba kuuliza kitu kimoja: mtoto wa maskini anaingiaje hapo? Maana mwanzilishi alisema maskini 12, leo nikiangalia picha za yale majengo sioni maskini.

brixton_mtoto_wa_Temeke

Habari dada, mimi naishi jirani, Brixton, Dulwich ni pale juu tu. Ukitoka huku kwetu kwenye fujo ukapanda kidogo unakuta kijani, viwanja vya kriketi, nyumba za mamilioni, na barabara ya College Road ina geti la kulipia mpaka leo, gari ikipita inalipa, kitu ambacho London hukioni kwingine. Ardhi kubwa ya eneo hilo bado ni ya wakfu wa yule mwigizaji.

Ada ni ya kutisha, usiulize, mshahara wangu wa mwaka haufiki bweni la mwaka. Ila wana ufadhili kwa wanaofaulu mtihani na wazazi hawana. Na kuna kipindi walifanya kikubwa zaidi: baada ya vita ya pili, chini ya Christopher Gilkes, mtoto wa yule Gilkes wa zamani, halmashauri zilikuwa zinalipia vijana waliofaulu, shule ikajaa watoto wa watu wa kawaida. Eddie George alipita kipindi hicho, baba yake karani wa posta, akamaliza Cambridge, akaingia Benki Kuu ya Uingereza 1962 akawa gavana wake 1993 mpaka 2003. Huyo ndo ambaye hoja ya mleta uzi haimgusi kabisa. Huyo bila ile nafasi sijui.

Na Chiwetel wazazi wake Wanigeria, baba alifariki kwa ajali ya gari kule Nigeria mtoto ana miaka 11, yeye mwenyewe alikuwemo garini akaumia vibaya. Aliigiza kwenye maigizo ya shule hapohapo. Akaingia LAMDA, chuo cha uigizaji London, kabla hajamaliza Spielberg akamchukua, ana miaka 19. Baadae akaenda Malawi akaongoza filamu yake ya kwanza ndefu, ikatoka 2019, na wanaongea Kichewa humo.

makabrasha

Nakubali kwa George, hapo njia ya shule ilifanya kazi vile inavyotangazwa. Ila angalia nani alilipa, halmashauri. Siku walipoacha kulipa mlango ukarudi kuwa mwembamba.

mpenda_ubishi

Na Farage je? Mbona mnamzunguka kama shimo la barabarani 😂 shule moja na Chiwetel na Ondaatje aliyetoka Ceylon 1954 akiwa na miaka 11.

brixton_mtoto_wa_Temeke

Hahaha sisi tunaoishi huku tunamwona kwenye TV kila siku inatosha. Kamaliza 1982, akaenda soko la metali London, siasa, 2016 Brexit ikapita, 2024 akaingia bunge kwa Clacton baada ya kugombea na kushindwa mara 7. Ushupavu wa Shackleton anao, mwelekeo ndo tofauti, yule alijua kugeuza.

nyanya_chungu

Hiyo mashua mtu wa kawaida anaruhusiwa kuiona? Kijana wangu wa pili yupo Uingereza anasoma, anapenda mambo ya bahari.

brixton_mtoto_wa_Temeke

Anaweza dada, ila ile ni shule sio makumbusho, asijiendee tu getini. Aandike barua pepe mapema aombe miadi. Treni inatoka Victoria anashuka West Dulwich, anatembea kidogo tu. Mashua imewekwa ndani, chini yake wamemwaga mawe. Mwambie asiangalie urefu, aangalie upana, halafu awafikirie wanaume 6 humo ndani na mifuko ya kulalia ya ngozi inayonyonyoka manyoya. Akitoka apitie Dulwich Picture Gallery, ipo karibu, nayo imezaliwa na chuo hichohicho, wamefungua 1817.

fundi_seremala_Ilala

Na akifika amuulize anayemtembeza McNish alizibia nini maungio. Akijibu "rangi" tu amwambie na damu ya sili.